Sifongo ya Maji ya Magotini

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Nanga,

Furushi lako limefika salama. Karani wa mapokezi ameapa kwamba ukituma tena kitu kinachonuka namna ile ataniachia nje, nikakigombanie na paka. Nimemwambia huo ndio uturi wa ukoo wetu. Hajacheka.

Umeniuliza, kwa ile kejeli yako ya siku zote, mimi huku chini ya jumba la makumbusho nachungulia nini mwaka mzima. Haya, leo nakujibu, ili ukome.

Sifongo ni mnyama, hata ukatae. Hana kichwa, hana moyo, hana tumbo. Ana vitundu tu. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo vya ubavuni, yanapita kwenye mifereji, yanafika kwenye vyumba vyenye chembe zenye vijimkia vinavyopiga maji bila kupumzika. Chakula kinabaki humo, na maji yanatoka juu kwa tundu moja kubwa. Sasa jiulize, kitu ambacho chote ni milango kinasimama vipi? Kinasimama kwa sababu kina mifupa. Ni sindano za kioo, ndogo hata ukizishika unadhani ni unga, na nyuzi zinazozishika pamoja kama kamba zinavyofunga fito za ukuta. Zile laini mnazouza za kuogea zina nyuzi peke yake. Hizi unazoniletea mimi zina vyote viwili.

Basi kazi yangu ni hii: nakata kipande chembamba kama ukucha, nakitia kwenye kichupa, nakimwagia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nyama inatoa povu, inaisha. Chini panabaki vumbi jeupe. Hilo vumbi naliweka chini ya hadubini, na hapo ndipo sifongo anasema yeye ni nani na alikuwa anaishi wapi. Rangi hudanganya, nyama hudanganya. Mifupa haijui uongo. Halafu naandika lebo: jina, mahali, kina cha maji. Huku kwetu ukivunja chupa utasemwa, yataisha. Ukiandika lebo ya uongo huna heshima tena, kwa sababu atakayekuja kusoma baada yako hana pa kuuliza.

Na hili ukiwaambia wenzako chomboni watakuita mzushi: sifongo hai ukimkamua kwenye kitambaa mpaka awe tope, ukaliacha lile tope majini, chembe zinatafutana, zinashikana, zinaanza kujenga mifupa upya. Nimeliona kwa macho yangu.

Nimalizie kwa lile ninalolisema kila barua, nawe unalikunjia uso. Kamba ya Baba ya kuzamia bado unayo? Kile kitambaa chekundu alichokifunga kuonyesha mwisho wa kushuka, bado kipo mahali pake? Usishuke chini yake, Nanga. Ulimwona Baba kina kilivyommaliza miguu. Uliniahidi tukiwa tumesimama juu ya kaburi lake, na udongo bado mbichi.

Msalimie wifi yangu, umbusu yule mtoto mpaka alie.

Dada yako,
Miwani

*

Tarehe 29 Machi

Shikamoo Dada Miwani,

Barua yako nimewasomea chomboni. Mpishi anasema mnyama asiye na kichwa wala tumbo anamjua, ni mkubwa wetu wa chombo, ila huyo tumbo analo. Wamecheka mpaka mtu akaangusha sufuria.

Kamba ipo. Kitambaa kipo, kimepauka tu, ukikiona sasa utasema cha pinki. Nakiona kila siku, nakigusa, nageuka, narudi juu. Ridhika sasa?

Huku hali si nzuri, sikufichi. Sifongo za karibu zinaumwa. Maji yamekuwa ya moto mwaka huu kama ya kuogea mzazi. Unamshika sifongo unadhani mzima, anakumegukia mkononi, ndani ameoza, zile nyuzi zako zimekuwa kama uzi uliolala mvuani. Tunarudi na vikapu vitupu, mkubwa anatuna. Lakini tunapata mbili tatu, hatujafa.

Nakutumia mmoja mzuri, mrefu, kama kikombe chenye shingo. Nimemchuma pale pale kwetu, juu ya kitambaa. Wifi yako amemfunga kwa nguo tatu ili karani wako asizirai.

Mwandiko ukiuona umelegea usishtuke. Niliteleza kwenye ngazi ya chombo, nyonga inanisumbua kidogo, naandika nimelala ubavu. Si kitu. Jeraha la ngazi ni la ngazi tu.

Mdogo wako,
Nanga

*

Tarehe 20 Aprili

Nanga,

Kikombe chako kilipofika nilikishangilia kama mtoto. Nilikipitisha kwa wenzangu meza kwa meza. Mkuu wa stoo, mtu ambaye hasifii hata chakula cha mkewe, alikinyanyua kwenye mwanga akasema, "Hiki kizuri." Niliringa siku nzima.

Kesho yake nikakaa nacho kazini.

Unaikumbuka ile sifongo ya Baba ninayoiweka kwenye droo yangu? Ile aliyoichuma miaka yake ya mwisho, tulipokuwa tunambeba mimi na wewe na kumkalisha kwenye maji ya magotini, kwa sababu majini alikuwa hana uzito na maumivu yalimwachia? Aliipapasa kwa mkono hapo alipokaa, akanipa siku naondoka nyumbani. Ni jamii moja na kikombe chako, tumbo moja kabisa. Lakini yake ni fupi, nene, imebonyea kama mto uliokaliwa, na ndani ya kila uzi imemeza chembe za mchanga. Ndivyo anavyojijenga sifongo anayepigwa na mawimbi: anainama, anakaza, anaokota mchanga unaorushwa na kuufanya mfupa.

Chako kimesimama. Ukuta wake mwembamba, unaona kidole upande wa pili. Nyuzi nyembamba, sindano chache na ndefu, na mchanga hata chembe moja hakuna. Nimekata vipande vinne, nikidhani labda nimekosea. Sifongo wa namna hii hajawahi kuguswa na wimbi maisha yake yote. Juu ya kitambaa cha Baba haoti. Hata kwenye kitambaa chenyewe haoti. Huyu ametoka chini, chini sana, kwenye giza lililotulia.

Umenidanganya. Umenidanganya kwa maandishi, ukanichekesha na habari za mpishi ili nisiangalie. Na hiyo ngazi yako ni ngazi gani inayoumiza nyonga zile zile alizoumwa Baba? Unanifanya mjinga? Baba alikufa amekaa, Nanga. Mwanamume aliyekuwa akitubeba wawili mabegani alikufa anatambaa kwenda chooni, na wewe ndiwe uliyekuwa unamshika mkono. Una mtoto mdogo. Kama unataka kumwachia urithi ule ule, sema wazi, nijue moja.

Sikupi salamu za mtu. Nina hasira.

Dada yako

*

Tarehe 2 Juni

Nanga mdogo wangu,

Hujajibu. Nimeandika mara mbili, hii ya tatu. Kama ni ile barua, basi nilikuwa na moto, na wewe unanijua moto wangu, unawaka haraka na kuzimika haraka. Nitukane kama unataka, lakini andika.

Huku mvua imeingia stoo. Tunahamisha chupa kutoka rafu za chini. Kila nikiinama nakukumbuka.

Miwani

*

Tarehe 30 Juni

Shikamoo Dada,

Nakujibu sasa kwa sababu sasa nina la kusema.

Ni kweli. Nilishuka chini ya kitambaa. Juu kote wamekufa, Dada, pamebaki miamba na ute. Chini walikuwepo wazima, wamesimama kama ulivyosema, wamejaa. Mara ya kwanza nilijiambia ni leo tu. Baadaye nikawa nakipita kitambaa bila hata kukitazama, kama mtu anayempita anayemdai njiani. Na tulikuwa tunapanda haraka, kwa sababu mpira wa hewa ni mmoja na wenzako wanasubiri zamu. Unapanda, kichwa kinauma, mabega yanauma, unalala, asubuhi unashuka tena.

Nilianguka sokoni. Si ngazi. Nilikuwa nimesimama tu, mguu wa kushoto ukaniacha. Hospitali wamenipiga picha. Daktari ameniwekea picha kwenye taa akanionyesha kichwa cha mfupa wa nyonga, akasema pale ndani pamekufa kwa kule kushuka kina na kupanda haraka, damu haifiki, na juu pameanza kubonyea. Mguu wa kulia nao umeanza. Alizungumza sana, mimi nikawa namwangalia mdomo tu.

Nakutumia hiyo picha. Daktari simwelewi, wewe nakuelewa. Wewe umesoma mifupa maisha yako yote. Iweke kwenye mwanga, uitazame, halafu uniambie kama ulivyoniambia habari za kikombe, bila kunionea haya. Nitatembea?

Na jambo jingine. Ulisema ukimkamua sifongo akawa tope anajikusanya, anajenga mifupa upya. Nimelifikiria sana hilo nikiwa kitandani. Linachukua muda gani?

Nanga

*

Tarehe 15 Julai

Ndugu yangu,

Nimeitazama picha kwenye dirisha la stoo, lile linalopata jua. Nimeitazama mpaka mkuu wa stoo akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mdogo wangu huyu. Akaondoka, akaniletea kiti.

Ulisema nisikuonee haya. Mimi si daktari wa watu, kwa hiyo nilimpelekea picha mmoja hapa mjini, naye amesema sawasawa na wa kwako. Ndani ya mfupa wetu nako kuna vifito, vimesukwa kama vya sifongo, vyembamba, kila kimoja kimeelekea upande unaobeba uzito. Vyako upande wa kushoto vimevunjika. Ukiendelea kuvisimamia vitalala kabisa.

Na lile swali lako, Nanga, laiti usingeliuliza. Sifongo anajikusanya kwa sababu kila chembe yake inajua kuwa chochote. Mfupa wa mtu haujui kazi hiyo. Ukifa hapo, umekufa hapo. Nililia nilipoona kwamba umelala kitandani na maneno yangu ya mzaha ukayafanya dawa.

Usishuke tena majini, hata juu ya kitambaa. Tumia magongo, mguu usibebe kitu. Labda wa kulia utaokoka. Huyu daktari wa hapa anaweza kukutazama, njoo, nitakulaza kwangu, nitakuvumilia hata ukikoroma.

Na kuanzia leo niambie kweli, hata iwe chungu.

Dada yako anayekupenda,
Miwani

*

Tarehe 8 Oktoba

Shikamoo Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Ndiyo, kazi! Kaa chini kwanza usije ukaanguka na chupa zako.

Nimepona. Sijui ni magongo, sijui ni dua za wifi yako, sijui ni yale mafuta anayonisugua yanayonuka kuliko sifongo. Magongo nimeshayatupa, mtoto anayafanya farasi. Natembea mpaka sokoni na kurudi. Daktari mwenyewe amekuna kichwa. Kuja huko mjini hakuna haja tena, usijisumbue, wala usichukue likizo kwa ajili yangu.

Nimerudi chomboni, kwa adabu sasa. Nashuka mpaka kwenye kitambaa, nakigusa, nageuka. Nimefunga kingine kipya, chekundu cha damu, ili macho yasijifanye hayaoni.

Na ili usiseme nakudanganya, nakutumia ushahidi. Sifongo huyu nimemchuma kwa mkono wangu, pale pale penye kitambaa, kwa miguu yangu miwili. Mwandikie lebo yake vizuri, umweke karibu na wa Baba.

Mdogo wako mzima wa afya,
Nanga

*

Tarehe 1 Novemba

Wifi yangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Barua hii naipitisha kwa yule jirani yako mshonaji, ikufikie mkononi. Usimwonyeshe mumeo.

Nanga ameniandikia kwamba amepona, anatembea, anazama. Ameandika kwa furaha nyingi mno, na mimi nilitaka kuamini, Mungu anajua. Nilicheka peke yangu na ile habari ya farasi.

Halafu nikafungua furushi. Wifi, sikuhitaji hata hadubini. Ni fupi, nene, imebonyea kama mto uliokaliwa. Nimeikata hivyo hivyo, nikiomba niwe nimekosea. Nyuzi zimejaa mchanga, mchanga mnene wa ufukweni. Nimeiweka mezani kando ya ile ya marehemu mkwe wako na kama si rangi ya vumbi nisingejua ipi ni ipi. Hii haikutoka kwenye kitambaa. Imetoka kwenye maji ya magotini.

Na mimi najua mtu anayechuma kwenye maji ya magotini amekaaje.

Niambie.

Wifi yako

*

Tarehe 19 Novemba

Shikamoo wifi,

Nilipoiona barua nilikaa nayo kwa mshonaji mpaka machozi yakaisha ndipo nikarudi nyumbani.

Hatembei. Mguu wa kulia nao umekwenda, mwezi wa tisa. Magongo ni kweli mtoto anayafanya farasi, lakini ni kwa sababu baba yake hana kazi nayo. Wenzake wa chomboni wanakuja asubuhi, wawili, wanambeba kwenye kiti cha jikoni mpaka majini, wanamkalisha. Anasema humo ndani mwili unakuwa mwepesi, anasahau. Anakaa mpaka vidole vinakunjamana. Jioni wanamrudisha. Akitoka majini ndipo anapolia, uzito unapomrudia, lakini hapendi nimtazame.

Hiyo sifongo aliipapasa hapo alipokaa. Alifurahi, wifi, ulikuwa muda mrefu sijamwona amefurahi. Akaniambia nilete karatasi. Nilipoona anayoyaandika nilimkataza, nikamwambia dada atajua. Akasema, "Dada ameshamzika Baba aliyekaa. Hawezi kuwa na wawili." Akaniapisha nisiseme. Sasa nimesema, na mimi sijui nimemsaliti au nimemsaidia.

Daktari anasema mabega nayo yameanza.

Nakuomba jambo moja. Usimwandikie kama ile barua ya Aprili. Ile alikaa nayo chini ya mto mpaka ikachanika mikunjo. Hakukukasirikia. Alikuwa anaona aibu hata kuitwa baba na mtoto. Hiki kidogo alichobaki nacho, kwamba huko mjini kuna mtu mmoja anayemjua akiwa amesimama, usimnyang'anye.

Wifi yako

*

Tarehe 6 Desemba

Nanga mdogo wangu,

Sifongo yako imefika, nami nilichelewa kujibu kwa sababu ya zile chupa, hatujamaliza kuzipanga. Karani ameishika puani akasema huyu ananuka vizuri kuliko wenzake. Nadhani anazeeka.

Nimeikata, nimeitazama. Ni nzuri mno. Ni ya kwenye kitambaa, kama ulivyosema. Nyuzi zake ndivyo zinavyotakiwa kuwa kwa kina kile. Mkuu wa stoo alisimama nyuma yangu nikiandika lebo, akaitazama sifongo, akaitazama lebo, akanitazama mimi. Nimeandika: kina cha kitambaa chekundu, imechumwa na mzamiaji, kwa mkono. Nimeiweka kando ya ya Baba, na kabati nimelifunga.

Nimefurahi umepona. Nilikuwa nasema mwenyewe, huyu hafi kizembe, huyu tulimwita Nanga kwa kuzama upesi kuliko watoto wote, na kila mara alirudi juu.

Nimechukua likizo. Usianze kelele, si kwa ajili yako, ni mapafu yangu yamechoka na hizi dawa. Nitafika katikati ya mwezi. Usije kunipokea stendi, najua kazini hawakuachii, na mizigo yangu ni myepesi. Nyumbani nisipokukuta nitajua uko baharini, nitashuka mwenyewe kukutafuta. Na wewe ukiniona nakuja usiinuke, usijisumbue kutoka majini. Nitavua viatu, nije nikae.

Dada yako,
Miwani